Jicho Lasoma, Sikio Ladakia

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, ndugu zetu wahariri wa magazeti, na ninyi wanafunzi mliokaa karibu na mlango kama watu wenye mpango wao: shikamooni wakubwa, na wengine habari za mchana.

Naomba tuanze na kazi ndogo. Nitataja kundi la vitu, kisha neno moja la Kiingereza litapita kwenye skrini, litokee na kupotea. Kama neno hilo ni la kundi nililotaja, semeni ndiyo. Kama si lake, semeni siyo. Jibuni upesi, na msimtazame jirani. Kundi: mnyama. Neno: GOAT. Sawa. Kundi: chombo cha usafiri. Neno: SPOON. Sawa kabisa. Kundi: ua. Neno: ROWS.

Nimesikia ndiyo nyingi tu, na baadhi zimetoka upande wa walimu wa Kiingereza. Msione haya. ROWS ni safu, kama safu hizi za viti mlivyokalia. Waridi huandikwa ROSE. Neno mmeliona kwa macho tu. Hakuna aliyelitamka, na mimi mwenyewe nilifunga mdomo. Lakini kuna kitu humo ndani kimelitamka, na sauti hiyo ndiyo iliyowajibia.

Jaribio hili si langu. Ni la Guy Van Orden, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyelichapisha mwaka 1987. Aliwatega wanafunzi wa chuo kikuu, watu wanaosoma Kiingereza mchana kutwa, kwa maneno ya namna hii. Na ili mtu asije akadai kwamba ROWS limewapoteza kwa kuwa linafanana na ROSE kwa sura, akachanganya humo maneno yanayokaribiana kwa sura bila kufanana kwa sauti, kama ROBS. Kwenye maneno ya aina ya ROBS, waliokubali kimakosa walikuwa kama asilimia 3. Kwenye maneno ya aina ya ROWS, makosa yalipanda hadi zaidi ya asilimia 18. Sura ilikuwa imekwisha kuhesabiwa. Kilichobaki kuwasukuma ni sauti.

Mwaka uliofuata, yeye na wenzake wakakaza kamba. Wakaandika SUTE, neno ambalo halipo, wakauliza: hili ni vazi? Watu wakanaswa vilevile, maana SUTE ukilitamka linatoka suit, yaani suti. Hapo kisingizio kimoja kikubwa kikafa. Kwa ROWS mtu angeweza kusema kwamba akili imechanganya maneno mawili yaliyomo katika kamusi yake ya ndani. SUTE halimo katika kamusi ya mtu yeyote. Huwezi kutoka kwenye herufi zile ukafika kwenye nguo bila kupita kwenye sauti.

Basi hilo ndilo nililokuja nalo leo. Tumezoea kudhani kwamba kusikia ni kazi ya sikio na kusoma ni kazi ya jicho, na kwamba anayeandika their, yaani yao, mahali pa there, yaani pale, ni mtu asiyejua Kiingereza. Nataka kuonyesha kwamba njia hizi mbili zinakutana mapema kuliko tunavyodhani, na kwamba kosa lile mara nyingi hutoka kwa mtu anayejua vizuri sana.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Homofoni ni maneno yenye sauti moja na maana mbalimbali. Sisi tunayo ya kutosha: kaa la moto, kaa wa pwani, kaa kitako, paa la nyumba, paa wa porini, ndege kupaa, na kupaa samaki. Ila ya kwetu, kwa kuwa tunaandika kama tunavyotamka, yanafanana hata kwenye karatasi. Msomaji na msikilizaji wa Kiswahili wamo katika mashua moja: wote wanasubiri maneno jirani yawaambie ni kaa yupi. Kiingereza nacho kina maneno ya aina hiyo, kama bat, ambalo ni popo na pia gongo la kriketi. Lakini kina na kundi jingine kubwa, ambalo sauti ni moja na tahajia ni mbili, tatu, hata nne: two, too na to, right, write, rite na wright. Hapa sikio halipewi msaada wowote na jicho linapewa msaada wote. Kwa mtafiti wa akili hii ni bahati kubwa, kwa sababu unaweza kumpa mtu sauti bila tahajia, au tahajia bila sauti, ukaona anafanyaje.

Fujo hiyo ilitoka wapi? Ilitokana na uandishi kuganda huku matamshi yakiendelea kutembea. William Caxton alipofungua kiwanda cha uchapaji pale Westminster mwaka 1476, k ya knight ilikuwa bado inatamkwa, na meat na meet zilikuwa na irabu tofauti. Wachapaji wakazizoea tahajia zao, vizazi vikapita, k ikanyamaza, irabu zile mbili zikaungana, na maandishi yakabaki pale pale kama picha ya marehemu ukutani. Robert Bridges, aliyekuwa malenga rasmi wa mfalme wa Uingereza, aliandika kijitabu kizima mwaka 1919 kuyalalamikia maneno haya. Orodha yake ilikuwa na maneno zaidi ya 1,700, na alihofu kwamba matamshi ya kusini mwa Uingereza, kwa kuimeza r, yanazidi kuyazalisha. Mzee yule alikuwa na sikio kali, lakini naona aliogopa kupita kiasi. Kwenye mazungumzo watu hawapotezani hivyo. Na kwa nini hawapotezani, ndiyo habari ya mwaka 1979.

Mwaka huo David Swinney alichapisha jaribio ambalo mpaka leo nalifundisha kwa furaha. Mtu amevaa visikizi. Anasikia habari ya jengo la serikali lililojaa matatizo, na ya bwana mmoja ambaye hakushangaa alipokuta buibui, mende na bugs wengine kwenye kona ya chumba chake. Neno bug ni mdudu. Pia ni kile kidude cha kunasia sauti ambacho majasusi hukificha chini ya meza. Kwa sentensi hiyo, yenye buibui na mende tayari, hakuna mwenye akili timamu atakayefikiria ujasusi. Sasa neno bugs linapomalizika tu masikioni, herufi zinatokea kwenye skrini, na mtu anatakiwa kubonyeza: hili ni neno halisi au si neno? Wakati mwingine herufi ni ANT, yaani sisimizi. Wakati mwingine ni SPY, jasusi. Wakati mwingine ni SEW, kushona, ambalo halihusiani na lolote.

ANT lilijibiwa haraka kuliko SEW. Hilo tulilitarajia. Lakini SPY nalo lilijibiwa haraka! Kwa muda ule mfupi, jasusi alikuwa ameamka kichwani mwa mtu anayesikiliza habari za mende. Na ukimuuliza atakuapia kwamba hakufikiria ujasusi hata kidogo, na atakuwa anasema kweli, maana jambo hilo lilipita chini ya fahamu yake. Kisha Swinney akaisogeza skrini: badala ya kuonyesha herufi pale neno linapokwisha, akangoja silabi tatu zaidi zisemwe. ANT bado lilikuwa na kasi. SPY lilikuwa limerudi kuwa neno la kawaida kama SEW. Ndani ya silabi tatu maana isiyotakiwa ilikuwa imefunguliwa na kufungwa tena.

Kwa hiyo muktadha, tunaousifu sana darasani, haukusimama mlangoni kuchagua maana ya kuingiza. Uliziacha zote ziingie, halafu ukaanza kutoa. Watafiti wameendelea kubishana kuhusu lini hasa muktadha huanza kazi, na kuna hali, hasa maana moja ikiwa inatumika sana kuliko nyingine, ambapo picha hubadilika. Lakini msingi umesimama. Na ndiyo sababu ya kumtuliza Bridges: sikio linajua kubeba maana mbili kwa mkono mmoja kwa muda mfupi sana, likaidondosha moja kabla mwenye sikio hajagundua.

Sasa tuje kwa jicho, maana hapa ndipo penye mshangao wangu mimi.

Ungetarajia kwamba msomaji wa homofoni zenye tahajia tofauti hana haja ya hayo yote. Herufi zimekwisha kumwambia. BEACH ni ufuko wa bahari, BEECH ni mti fulani wa Ulaya. Hakuna utata. Mwaka 1993 Mary Lesch na Alexander Pollatsek walionyesha neno kwa kitambo kidogo mno, milisekunde 50, yaani sehemu moja ya ishirini ya sekunde, kisha wakalifunika, kisha wakaleta neno la kusomwa kwa sauti: SAND, mchanga. Kama kabla ya SAND palipita BEACH, watu walilitamka upesi, kama ilivyotarajiwa. Lakini hata palipopita BEECH, ule mti, SAND lilitamkwa upesi. Mti ulikuwa umeita mchanga! Kati ya BEECH na SAND hakuna undugu wowote isipokuwa kupitia sauti ya ufuko. Halafu wakarefusha muda: neno la kwanza likakaa milisekunde 200. BEACH likaendelea kusaidia. BEECH likaacha.

Weka hilo kando ya jaribio la Swinney. Sikioni, maana mbili zinafunguka na moja inafungwa na muktadha. Jichoni, maana mbili zinafunguka, ingawa tahajia ilikuwa wazi tangu mwanzo, na moja inafungwa na tahajia. Herufi, ambazo tulidhani ndizo zinazofungua mlango, zinafanya kazi ya mlinzi anayekagua vitambulisho vya watu waliokwisha kuingia ndani. Kwenye ROWS, sehemu ya wale waliosema ndiyo walijibu kabla mlinzi hajafika.

Tena haya hayahitaji maneno yanayopita kama umeme maabara. Mwaka 1992 Pollatsek, Lesch, Robin Morris na Keith Rayner waliwasomesha watu sentensi kwenye kompyuta iliyokuwa inafuatilia macho yao. Jicho la msomaji halitelezi kama gari. Huruka, hutua, huruka tena, na likiwa limetua kwenye neno moja huwa tayari linachungulia lijalo. Watafiti wakaweka kwenye nafasi ya neno lijalo homofoni yake, na jicho liliporuka wakaibadilisha kwa neno sahihi, katika muda ambao mtu haoni kitu. Waliochungulia homofoni walinufaika kuliko waliochungulia neno linalofanana kwa sura tu. Maana yake, hata neno ambalo hujalifikia, sauti yake imekwisha kuanza kuandaliwa.

Nisije nikawauzia mbuzi kwenye gunia. Kuna waliopinga, na walipinga kwa hoja. Debra Jared na Mark Seidenberg, mwaka 1991, walisema kwamba swali la Van Orden lilikuwa finyu mno: ukimwambia mtu "ua," umekwisha kumpa ROSE mkononi kabla hajaona kitu. Walipotumia makundi mapana, kama kiumbe hai au kitu kilichotengenezwa na watu, mtego ulinasa zaidi kwenye maneno adimu. Maneno yanayotumika kila siku yalipita salama. Nao Meredyth Daneman na Eyal Reingold walifuatilia macho ya watu wanaosoma habari ambamo blue, rangi ya buluu, imeandikwa blew, yaani ulivuma. Macho yalikwama pale kama yanavyokwama kwenye neno lolote lisilofaa. Tofauti ni kwamba yalijinasua upesi zaidi, kwa kuwa sauti ya blew ilimwonyesha msomaji alichokusudia mwandishi.

Mimi nimekaa upande gani? Naona pande zote mbili zinazungumzia njia mbili zilizomo kichwani kwa pamoja. Iko njia ya mkato, ambapo sura ya neno ulilolizoea inakwenda moja kwa moja kwenye maana. Iko na njia ya mzunguko, kutoka herufi hadi sauti na kutoka sauti hadi maana. Zote zinaanza safari kwa wakati mmoja, na neno la kila siku hufika mapema kwa njia ya mkato. Wanaodai kwamba msomaji mzuri huacha kabisa kupita kwenye sauti, na wapo, tena huuza kozi za kusoma haraka kwa bei mbaya, wanadai zaidi ya ushahidi ulioko.

Ushahidi mzito wa njia hizi mbili haukutoka kwa wanafunzi wa chuo. Ulitoka kwa majeruhi. Mwaka 1973 John Marshall na Freda Newcombe waliandika habari za watu walioumia ubongo na kupoteza sehemu fulani ya kusoma. Mmoja wao njia ya mkato ilikuwa imekatika. Kila neno alilisoma kwa kuunganisha sauti za herufi, na maana akaichukua kutoka kwenye alichojisikia akisema. Wakamwonyesha listen, yaani sikiliza. Lile t halitamkwi, lakini yeye akalitamka: Liston. Kisha akaeleza, bila wasiwasi wowote, kwamba huyo ni yule bondia maarufu. Alimaanisha Sonny Liston, bingwa wa uzito wa juu ambaye Muhammad Ali, wakati huo akiitwa bado Cassius Clay, alimvua taji mwaka 1964. Wakamwonyesha begin, kuanza. Akalisoma kama begging, akaeleza: kuchangisha pesa.

Mtazameni vizuri mtu huyu, maana ni mtu mwerevu. Hakubabaika. Kila alichokitamka alikielewa sawasawa. Kilichomponza ni kwamba maana yake ilitoka masikioni wakati kazi ilikuwa ya macho. Ukimpa maneno yenye sauti moja, hana njia ya kuyatenganisha.

Na mgonjwa mwingine wa watafiti haohao alikuwa kinyume chake. Kwake njia ya sauti ndiyo iliyokufa. Alionyeshwa canary, ndege mdogo wa manjano anayefugwa kwa kuimba, akasema parrot, kasuku. Maana ilifika karibu, sauti haikufika kabisa. Mtu wa namna hii hawezi kunaswa na ROWS, kwa sababu ROWS halimlilii kichwani. Wengi wetu humu tunanaswa kwa kuwa tuna njia zote mbili na zote zinafanya kazi. Ndugu walimu, naomba hilo mliandike pembeni.

Kuna jambo jingine linalonipendeza zaidi, ingawa halina umaarufu: mtaa huu una magari yanayokwenda pande zote mbili. Tumeona sauti ikiingilia kusoma. Tahajia nayo huingilia kusikia. Seidenberg na Michael Tanenhaus, mwaka 1979, waliwasikilizisha watu maneno, masikioni tu, hakuna herufi yoyote mbele yao, wakawaambia wabonyeze wanaposikia neno lenye kina kimoja na lile walilopewa. Pie na tie zina kina kimoja. Rye na tie zina kina kilekile. Kwa sikio hakuna tofauti hata chembe. Lakini watu waligundua pie na tie upesi kuliko rye na tie. Tahajia tofauti iliwachelewesha katika kazi ambayo haikuhitaji tahajia. Johannes Ziegler na Ludovic Ferrand walipata jambo la ukoo huohuo mwaka 1998 katika Kifaransa: neno ambalo kina chake kinaweza kuandikwa kwa namna nyingi hutambuliwa na sikio polepole zaidi. Ukishajifunza kusoma, basi tena. Herufi zimehamia masikioni na hazihami.

Na kinywa je? Susanne Gahl alichukua mazungumzo ya simu ya Wamarekani yaliyokuwa yamerekodiwa, akapima homofoni kiasi cha 90,000 humo, akachapisha mwaka 2008. Time ni wakati. Thyme ni jani la kiungo cha mchuzi. Kamusi inasema hutamkwa sawa. Alikuta kwamba neno linalotumika sana, kama time, watu hulitamka kwa ufupi zaidi kuliko pacha wake adimu. Tofauti ni ndogo, wala sikio la kawaida halitaikamata, lakini ipo. Yaani hata sauti hizi tunazoziita moja, kinywa kinazijua kuwa mbili.

Sasa nije nyumbani, kwa sababu najua mnasubiri.

Mwaka 2009 Mitsuhiko Ota, Robert Hartsuiker na Sarah Haywood waliwapa watu jozi za maneno ya Kiingereza wasome na kusema kama yanahusiana. Baadhi ya watu walikuwa wenyeji wa Kiingereza, wengine Wajapani, wengine Waarabu. Kwa Mjapani, l na r haziachani vizuri. Wakamwekea KEY na ROCK: ufunguo na mwamba. Hazihusiani. Lakini Wajapani walisita na kukosea zaidi, kwa sababu ROCK kwao liko jirani mno na LOCK, kufuli. Waarabu nao walinaswa na mitego iliyotegwa kwa sauti zinazowasumbua wao. Na hawa walikuwa wanasoma kimya, herufi zimesimama mbele yao, R kubwa kabisa.

Ukilipeleka jambo hilo kwetu, utaona mzigo anaoubeba mwanafunzi wetu. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza kina irabu nyingi kuliko hizo maradufu na zaidi, na sisi tunazipakia zote katika tano tulizozizoea. Hat, hut, heart na hurt: kofia, kibanda, moyo na kuumia. Kwa Mwingereza ni maneno manne yaliyoachana. Kinywani mwa wengi wetu yanatoka kama neno moja. Kwa hiyo mtoto wa Dodoma au wa Kisumu ana homofoni zote za Mwingereza, halafu ana na rundo jingine ambalo Mwingereza hana. Yule anayetoka kwenye lugha ambayo l na r hazigombani anaongezewa rundo la tatu, na hilo linamfuata mpaka kwenye Kiswahili. Ndiyo maana mzaha wa kura na kula haujachuja hata baada ya chaguzi zote hizi, na posa imewahi kuandikiwa barua ya kuulizia mahali badala ya mahari.

Chukueni sentensi moja ambayo kila mwalimu humu ameisahihisha: I leave in Mombasa. Mtoto anataka kusema anaishi Mombasa, ameandika anaondoka. Mwalimu anachora mstari mwekundu na kuandika pembeni: soma kwa makini! Lakini akisoma kwa makini ataona nini? Kichwani mwake leave na live zina irabu moja. Anaposoma alichoandika, sauti inayomrudia ni ile aliyoikusudia. Mlinzi wake wa tahajia hajapewa picha za kutofautisha. Huyu anahitaji kufundishwa sauti, kwa mdomo na sikio, kabla ya kalamu. Aliyeandika their mahali pa there ni mwingine kabisa. Huyo hata umfundishe matamshi mwaka mzima hutamsaidia, maana matamshi ndiyo yaliyomponza.

Mimi nikikuta kosa la aina hiyo ya pili kwenye insha, natafuta kama mwandishi huyohuyo ameliandika neno sawasawa mahali pengine kwenye ukurasa. Mara nyingi utakuta ameliandika, tena zaidi ya mara moja. Basi huyo anajua. Mkono wake ulichukua tahajia ya kwanza iliyoitikia sauti, na akili ilikuwa mbele ikitunga sentensi inayofuata. Napiga mstari mwembamba, sikati alama ya sarufi. Najua kuna wenzangu hawakubali, na mtihani wa taifa una masharti yake, lakini mazoezi ya darasani ni yetu.

Kwa ndugu zetu wahariri, nina neno moja linalokwenda kinyume na mnayoambiwa kila siku. Mnaambiwa: kabla ya kupeleka ukurasa kiwandani, usome kwa sauti. Ushauri mzuri kwa sentensi ndefu, kwa neno lililorukwa, kwa mdundo wa aya. Kwa homofoni ni bure kabisa! Sauti ndiyo maficho yao. Ukisoma it's na its kwa sauti hata mara kumi, sikio litakupigia makofi mara kumi. Programu ya kukagua tahajia nayo haitoshi. Kwa kuwa kila homofoni ni neno halali, programu inaweza kuliacha lipite. Kila mmoja wetu ana jozi zake zinazomshinda, na hazizidi chache. Ziandike kwenye karatasi, ubandike kando ya kompyuta, na kabla ya kufunga ukurasa zitafute moja moja kwa kitufe cha kutafuta. Neno linakuja peke yake, limetengwa na sentensi iliyokuwa inalibeba, na sasa unalitazama kwa sura yake. Wasomaji prufu wa zamani walikuwa wakisoma ukurasa kutoka mwisho kwenda mwanzo kwa sababu hiyohiyo: kuinyima akili hadithi, ili ibaki na herufi.

Na kama unatumia ile programu ya simu inayoandika unachosema, kuwa mwangalifu maradufu. Ile haina jicho, ina sikio tu. Inachagua kati ya there na their kwa kutazama maneno jirani, na ikikosea inakosea kwa tahajia safi isiyotiliwa shaka na mtu yeyote.

Nashukuru kwa kunisikiliza. Kipaza sauti kiko kwa yule dada mwenye kitenge cha kijani, maswali karibuni.